Sili Iliyokatwa

Inspekta alipanda boti ya daktari wa meno akiwa amekumbatia sanduku la chuma kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe. Ndani ya sanduku mlikuwa na bastola. Bastola ilikuwa tupu, sanduku limefungwa kwa kufuli, na ufunguo alikuwa ameuvaa shingoni. Risasi za mazoezi, zile zisizo na baruti, alimkabidhi nahodha azitie kwenye kopo la plastiki kule mbele, chini ya majaketi ya kuokolea, pale pale zilipokuwa zikikaa risasi za kweli siku daktari alipokufa.

"Kila kitu kikae kilipokuwa," alisema. "Na kila mtu akae alipokuwa. Nataka kuiona siku ile kwa macho yangu."

"Afande, siku ile hata adui yangu asiione," nahodha alimjibu, akasukuma boti kwa upondo mpaka ikaachana na gati.

Walikuwa watatu walionusurika, na wote watatu aliwapanga kama walivyokuwa. Nahodha, mtu mzima mwenye sauti ya kukwaruza, alishika usukani. Mke wa daktari, ambaye sasa ni mjane, alikaa kwenye benchi la mbele, mikono imebanwa katikati ya magoti. Na mdogo wake daktari alisimama mlangoni mwa chumba kidogo cha katikati. Huyu alikuwa msaidizi kwenye kliniki ya kaka yake, na wagonjwa walimwita Ganzi, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiwadunga ile sindano ya ganzi kabla kaka yake hajaingiza koleo mdomoni.

Maelezo yao kituoni yalifanana kama mapacha. Walikuwa wanarudi kutoka ng'ambo ya ziwa, ambako daktari alikuwa na desturi ya kwenda kutibu meno kwenye kituo kisicho na mtaalamu. Boti nyingine ikachomoka kwenye magugu maji, ikaja mbio. Ganzi akapiga kelele kwamba ni majambazi. Daktari akakimbilia chumbani, akatoa bastola, akaipakia, boti ikayumba, mkono ukateleza, risasi ikamwingia kifuani. Basi. Hata shati lake halikuweza kusema zaidi ya hapo, maana walimmwagia maji ya ziwa ndoo kwa ndoo wakidhani amezimia tu.

Ile boti nyingine Inspekta aliitafuta mpaka akaipata. Walikuwa wauza vitunguu waliobakiwa na petroli ya kuchungulia, wakaja kuomba ya kuwafikisha nyumbani. Waliposikia mlio waligeuza wakaondoka kama waliofukuzwa na nyuki, na hawakumwambia mtu. Mkubwa wake wa kazi aliposikia hayo alitaka jalada lifungwe. Watu waliogopa bure, silaha ikalipuka, mtu akafa, inasikitisha, kesi imekwisha. Inspekta mwenyewe alikuwa amebakiza kutia saini tu. Kilichomzuia ni kipande cha waya.

"Nahodha," alisema wakati gati limeshakuwa dogo nyuma yao, "nieleze bastola ilivyokuwa ikisafiri humu."

"Sheria zake? Daktari alituimbisha mpaka tukazichoka. Kibali ni chake peke yake, mwingine asiiguse yeye akiwa hayupo. Majini inakwenda tupu, sandukuni, na kufuli juu. Risasi hazikai nayo mahali pamoja. Tukifika ng'ambo, kabla hata sijafunga kamba, anakwenda kwa askari wa forodha na kusema, nina silaha. Kibali cha kwetu kinakufa pale kwenye boya la mpaka. Ukivuka kimya kimya ukakutwa nayo, unalala ndani."

"Na wakati wa kurudi?"

"Wale wa ng'ambo wanalizungushia sanduku waya, wanaubana kwa sili, muhuri wa forodha. Haukatwi mpaka tufike gatini kwetu, mbele ya askari wa huku."

"Majambazi wakiwakuta katikati je?"

"Ndiyo hapo sasa!" Nahodha alicheka bila furaha. "Nilimwambia, daktari, hii si silaha tena, hii ni mzigo. Akaniambia, bastola ni ya nyumba ya kule ninakolala, mlango wake unafunguka kwa kikohozi. Humu ndani hapana. Boti inayumba, unalenga kushoto inapiga kulia, inatoboa boti au inatoboa mtu, na hospitali iko wapi? Hivyo ndivyo alivyosema, na ndivyo ilivyokuwa."

Mjane aligeuza uso akatazama maji.

Waya wa siku ile Inspekta alikuwa ameuangalia chini ya kioo cha kukuzia. Haukukwanyuliwa wala kuvunjwa kwa kuzungushwa. Ulikatwa kwa plaizi, mkato mmoja safi, kama kazi ya mtu aliyetulia.

Walipofika mahali penyewe nahodha alipunguza mwendo. Upande mmoja ziwa lilikuwa wazi, na upande mwingine magugu maji yalitanda kijani kibichi mpaka macho yanachoka, na katikati yake vijia vya maji vinavyofunguka na kufungika upepo unavyotaka.

"Mimi ndiye daktari," Inspekta alisema, akaliweka sanduku chini ya benchi la chumbani. Alikuwa amelizungushia waya mpya na sili mpya. "Nahodha, geuza kama ulivyogeuza. Na wewe piga kelele."

Ganzi alisita, kisha akaita, "Majambazi!" kwa sauti ya mtu anayeona aibu.

Inspekta alikimbia. Plaizi zilikuwa nyuma kabisa, kwenye mkoba wa mafundi uliosukumwa chini ya dumu la petroli. Alihamisha dumu, akafungua mkoba, akachakura. Akarudi chumbani, akapiga magoti, akavuta sanduku, akakata waya, akahangaika na ufunguo, akatoa bastola na magazini yake. Akaenda mbele akiwa amejishika ukutani, maana boti ilikuwa inainama kwenye kona. Hapo ilibidi mjane ainuke, kwa sababu sanduku la majaketi ndilo alilokuwa amelikalia. Akatoa majaketi, akatoa kopo, akalifungua. Akaanza kusukuma risasi kwenye magazini, moja moja, kidole gumba kikimuuma. Alipoipachika magazini kwenye bastola alikuwa anahema.

Akainua macho. Nahodha alikuwa amemaliza kugeuza boti mzunguko mzima, ameinyoosha, amezima kasi, na anamtazama.

"Siku ile ulikuwa umefika wapi mlio uliposikika?"

Nahodha alijikuna shingo. "Siku ile? Siku ile ndiyo kwanza nilikuwa naanza kukata kona."

Inspekta alimgeukia mjane. "Dada, mume wako alikuja kukuinua hapo ulipokaa?"

"Sikumbuki. Nilikuwa natapika."

"Ulikuwa umekalia risasi. Ungekumbuka."

"Afande," Ganzi aliingilia kati, taratibu, kwa ile sauti ya kuwatuliza wagonjwa, "labda kaka aliiandaa mapema. Tulikuwa tumesikia habari za wizi upande huu."

"Kaka yako, aliyewaimbisha sheria mpaka mkazichoka?"

"Binadamu ni binadamu."

"Wewe bastola unaijua?"

"Mimi?" Alitabasamu. "Naiona kwenye sinema. Kazi yangu ni sindano."

Kabla Inspekta hajamjibu injini ilikohoa, ikanguruma kwa uchungu, ikazima. Nahodha aliinama nyuma, akatazama, akapiga kofi paja lake. Katika kugeuza boti walikuwa wamechuna ukingo wa magugu, na mizizi yake mirefu imejisokota kwenye propela kama nywele kwenye kitana. Na walipoangalia nyuma, kile kijia walichopitia hakikuwepo tena. Upepo ulikuwa umeyaleta magugu, yakaziba.

Walijaribu kusukuma kwa upondo. Upondo ulizama kwenye majani, ukatoka na tope, boti ikabaki pale pale. Redio ya mkononi ya Inspekta ilikoroma tu.

"Niachieni mimi," Ganzi alisema. Alivua viatu, akachukua panga la nahodha, akakaa ukingoni nyuma kabisa, miguu majini, akaanza kukata mizizi.

Simu ya Inspekta ikalia mlio mfupi. Aliitoa akidhani ni koplo wake aliyemwacha gatini na askari wa boti ya polisi. Ulikuwa ujumbe wa kampuni ya simu ya nchi jirani, unamkaribisha na kumtakia safari njema. Alijaribu kumpigia koplo, laini ikakataa.

Aliinua kichwa. Mbele yao, mbali kidogo, boya la mpaka lilikuwa limesimama jekundu. Aliliangalia, akaangalia kingo za magugu, na ndipo alipoelewa kwamba hawakuwa wamekwama mahali pamoja. Bonge zima la magugu lilikuwa linakwenda, na wao ndani yake.

"Nahodha, tunasukumwa."

"Nimeona." Alikuwa ameshatupa nanga. Kamba ilikaza, ikalegea, ikakaza tena. "Chini hapa ni tope tupu. Nanga inalima, haishiki. Afande, tukivuka pale wewe ni abiria kama sisi."

"Na hilo sanduku?"

"Hilo ni silaha isiyo na kibali, na wewe ndiye uliyeibeba. Watakuweka ndani kwanza, maswali baadaye."

Kule nyuma panga lilikuwa linapiga, linatulia, linapiga. Inspekta alisikiliza. Mtu anayetaka kutoka hapa hakati namna ile. Yule alikuwa anakata kama mtu anayemenya chungwa huku anapiga soga, na kila baada ya mapigo machache aliinua shingo kuangalia boya.

Ofisini kwake Inspekta angeweza kusubiri. Angemwachia mtu kiti na kikombe cha maji na ukimya, mpaka mwenyewe aanze kusema. Hapa hapakuwa na mlango wa kufunga wala muda wa kupoteza. Alimshika mjane mkono, akamwingiza chumbani, akavuta pazia.

Chumba kilikuwa na joto la tanuri na harufu ya petroli. Dirisha lake lilikuwa limezibwa na majani, mwanga ukaingia kijani. Walikaa magoti yao yakigusana, bastola kwenye benchi kati yao.

"Dada yangu, waya haukukatwa na mume wako," Inspekta alisema kwa sauti ya chini. "Na haukukatwa kwa haraka. Niambie."

Mjane alitazama pazia.

"Hasikii. Niambie."

"Ni mimi." Alilitoa neno hilo kama mtu anayetema mfupa. "Mimi ndiye niliyemuua mume wangu."

"Ulimuuaje?"

"Alikuwa amelala, hapa hapa ulipokaa. Koti lake lilikuwa limetundikwa, ufunguo mfukoni. Nilikuwa naogopa, afande. Kila mtu alikuwa anaongea habari za wizi, na yeye bastola ameifunga kama maiti. Nikakata waya. Nikatia risasi, nikarudisha bastola ndani, nikafunga. Nikaenda kukaa mbele, sikumwambia." Alifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Ile boti ilipotokea nikasikia mlio. Nilipofika alikuwa chini. Shemeji akaniambia kaka yake alikuta waya umekatika, akaitoa kuifuta unyevu kama anavyofanya kila safari, akijua ni tupu. Akaniuliza, nani aliyeipakia? Nikanyamaza. Akasema, basi tutasema ni majambazi."

"Yeye ndiye aliyetunga."

"Ndiye anayenificha. Tangu mazishi amehamia sebuleni kwetu. Nikienda dukani yuko nyuma yangu. Dada yangu akija anamwambia nimelala. Kila jioni ananikumbusha, shemeji, mimi nikifungua mdomo wewe umekwisha."

Boti ilitikisika. Majani yalikwaruza ubavu wake kama kucha. Inspekta alitamani kuinuka akaangalia boya, akajizuia.

"Nani alikufundisha kupakia?"

"Yeye. Alinionyesha kule ng'ambo, siku moja kabla hatujaondoka. Alisema, ukiogopa sana, itie risasi, kaka hatajua."

"Nionyeshe ulivyofanya. Hizi ni za mazoezi, haziui."

Mjane aliikamata bastola kama anayeshika samaki hai. Inspekta alikuwa ameshaitoa magazini. Mjane aliisukuma ndani kwa kiganja mpaka ikalia klik, akaiweka kwenye benchi, akaondoa mikono yake haraka.

"Halafu?"

"Halafu nikafunga sanduku."

"Hukuikoki?"

"Kukoki ndiyo nini?"

Inspekta alimwangalia usoni kwa muda. Hakuona ujanja wowote pale, aliona uchovu tu. Alichukua bastola, akaielekeza sakafuni, akavuta kifyatulio mpaka mwisho. Haikutoa hata mlio wa maana.

"Unaona? Risasi zimo, lakini ziko kwenye magazini. Hakuna iliyoingia kwenye mtutu. Ukiiacha hivi ukaidondosha, ukaifuta, ukaipiga teke, hailipuki. Ili ilipuke lazima mtu aishike hapa juu, aivute nyuma kwa nguvu, aiachie." Alivuta. Chuma kilirudi mbele kwa kishindo, na mjane akashtuka mpaka akagonga kichwa ukutani. "Huko ndiko kukoki. Ulifanya hivyo?"

"Hapana." Mjane alitikisa kichwa. "Hapana, sikufanya hivyo. Wallahi sikufanya."

"Mume wako angeitoa kuifuta, angekoki kwanza?"

Mjane alikuwa ameikodolea macho ile bastola kana kwamba imezungumza.

"Walikuwa na ugomvi, wewe unajua? Mume wako na mdogo wake."

"Hawakuwa wanaongea. Kulikuwa na binti mmoja kule kituoni. Mume wangu alikuwa ametoka, shemeji akamdunga peke yake, akamdunga kupita kiasi, binti hakuamka. Mume wangu alisema tukifika nyumbani anakwenda kusema kwa wakubwa. Alisema hata kama ni damu yake." Kisha, polepole, kama mtu anayepanda ngazi gizani, "Ile safari nzima shemeji alikuwa ananiambia niogope."

Inspekta aliitoa magazini, akahakikisha mtutu ni mtupu, akairudisha bastola sandukuni, akafunga, akavaa ufunguo. Ukutani, juu ya mlango, palikuwa na bunduki fupi ya plastiki ya kurushia fataki za ishara. Aliichukua akatoka nje.

Boya lilikuwa karibu kiasi cha kuona kutu yake.

"Nahodha," aliita kwa sauti kubwa, ya kusikika boti nzima. "Nani alikuwa akiifuta ile bastola? Mafuta, unyevu, kutu, kazi hiyo alifanya nani?"

"Si mdogo mtu?" nahodha alijibu bila kugeuka, akihangaika na kamba ya nanga. "Daktari hakutaka mafuta vidoleni, anaingia navyo midomoni mwa watu. Kabla ya waya kufungwa, yeye alikuwa anakaa pembeni na kibali chake, huyu anafuta. Anaifungua yote, anaifunga tena, kama anacheza."

Panga likaacha kupiga.

Nahodha alisimama wima. Alimwangalia Inspekta, akamwangalia Ganzi, na sura yake ikabadilika. "Mbona? Nimesema nini?"

"Umesema kweli," Inspekta alisema. "Sasa sikiliza na hili, uwe shahidi. Wewe," alimgeukia Ganzi, "nakukamata kwa kumuua kaka yako. Si lazima useme lolote. Utakalolisema litaandikwa, na linaweza kutumiwa mahakamani."

Ganzi alijifuta jasho kwa mkono wenye panga. Hakuwa ameinua sauti. "Shemeji amekwambia nini humo ndani? Kwamba ni mimi? Yeye ndiye aliyekata waya, yeye ndiye aliyepakia."

"Ndiyo. Na akaiacha haijakokiwa, kwa sababu hukumfundisha kukoki. Ulimfundisha kiasi cha kumtosha kubeba lawama. Uliposikia injini ya wale wauza vitunguu ulipata kelele za kufunika, ukaikoki wewe, ukampiga."

"Boya hilo hapo, afande. Ngoja kidogo, tuone kama bado una neno."

Inspekta aliinua bunduki ya fataki. Ganzi alicheka, akapigapiga dumu la petroli lililokuwa ubavuni mwake. "Nipige basi. Tuungue wote wanne."

"Sikupigi wewe," Inspekta alisema, akaielekeza juu, akafyatua.

Fataki ilipanda ikipiga mluzi, ikapasuka nyekundu juu ya ziwa, ikabaki inaning'inia, na moshi wake ukainama kuelekea mpakani. Mtu yeyote aliye gatini na macho angeiona. Halafu kule nyuma, kwa mbali sana, ukasikika mngurumo wa injini kubwa.

Ganzi aliusikia. Alisimama ukingoni, akapima kwa macho ule uwanja wa kijani kati yake na boya. Kwa mtazamo ulionekana kama shamba, kama mahali mtu anaweza kutembea.

"Usijaribu!" nahodha alimpigia kelele. "Hayakanyagiki hayo!"

Aliruka. Hatua ya kwanza ilimbeba, ya pili ikamzamisha mpaka mapajani, ya tatu haikupatikana. Magugu yalifunguka chini yake na kujifunga juu yake. Alitoka akikohoa, akajaribu kuogelea, lakini mizizi ilimshika miguu na mikono. Panga lilikuwa limekwenda. Kila alivyopigana ndivyo alivyozidi kujifunga, na kichwa chake kikawa kinapanda na kushuka kati ya majani, mdomo wazi.

Nahodha alikimbilia upondo, lakini haukuwa mahali pake. Mjane alikuwa ameushika. Alikuwa amesimama nyuma kabisa ya boti, upondo mkononi, anamtazama shemeji yake. Urefu wa upondo ulitosha. Yeye alijua, na Ganzi alijua.

"Shemeji," Ganzi alisema, akitema maji. "Shemeji, nipe."

Hakumpa.

"Dada," Inspekta alisema nyuma yake. Hakumgusa. "Nataka aongee mbele ya hakimu. Akibaki humo, kesi inabaki na wewe peke yako."

Mjane alivuta pumzi ndefu, kisha akausukuma upondo juu ya majani mpaka ukamgonga Ganzi begani. "Shika," alimwambia kwa sauti kavu. "Shika, utakwenda kusema ulivyomuua."

Walimvuta wote watatu. Aliingia botini akiwa amefunikwa mizizi na tope, hana nguvu ya kuinua kichwa, na nahodha akamfunga mikono kwa kipande cha kamba ya nanga huku anamtukana kwa matusi ambayo Inspekta hakuyaandika popote.

Boti ya polisi ilikuja ikiyapasua magugu kwa pua yake ya chuma. Askari waliwatupia kamba wakati boya liko ubavuni, karibu kiasi cha kusoma namba zake, na injini yao ikanguruma kwa muda mrefu pasipo kitu kusogea. Kisha magugu yakaachia. Boya likaanza kurudi nyuma.

Mjane alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele. Inspekta alikaa karibu naye.

"Na mimi?" mjane aliuliza.

"Ulikata sili ya serikali. Ulipakia silaha isiyo yako, majini. Hilo lina kesi yake, sitakudanganya."

"Nitafungwa?"

"Sijui. Inaweza kuwa faini, inaweza kuwa kifungo. Lakini si kesi ya kuua."

"Si ya kuua," mjane alirudia, taratibu, kama anayejifunza neno la lugha ngeni. Akarudia tena. Kisha akalala pale pale, ubavu kwenye mbao ngumu, viatu miguuni, katikati ya makelele ya injini na askari wanaoitana. Nahodha alimfunika kwa jaketi la kuokolea kwa kukosa kitu kingine.

Gatini ilibidi wamwamshe. Koplo alikuwa anasubiri na karatasi zake, akamwambia Inspekta kwamba mama huyu amechoka, anaweza kuja kituoni kesho. Lakini mjane alikaa kitako, akafunga kilemba chake upya, akamwambia koplo atoe kalamu aanze kuandika.